Shikilia A: Ufundi wa WWF No Mercy

Kwenye pedi ya Nintendo 64, kitufe cha A ni kile cha buluu, chini ya kidole gumba cha kulia. Kiguse ukiachie papo hapo, na mwanamieleka wako atanyoosha mikono, amshike mwenzake, wasimame wamekabana kifua kwa kifua. Kibonyeze ukishikilie, naye ataingia kwa uzito zaidi, na tendo zima litachelewa sehemu ndogo ya sekunde. Katika sehemu hiyo ya sekunde mpinzani anaweza kuzuia, kukwepa, au kukutandika ngumi kabla mikono yako haijafika. Waliotengeneza gemu hii waliusimamisha mchezo wote juu ya mwanya huo mwembamba.

Gemu yenyewe ni WWF No Mercy. Ilitoka Marekani Novemba 2000 ikiwa imechapishwa na THQ, lakini waliokaa mezani kuitengeneza walikuwa Wajapani: AKI Corporation wakishirikiana na Asmik Ace, na mwelekezi wao Hideyuki Iwashita. WWF, shirika la mieleka la Marekani, ilikuwa bado haijaitwa WWE; hilo lilikuja 2002. Yeyote aliyeikuta mieleka ya Marekani kwenye televisheni zetu anawajua waliomo: The Rock, Stone Cold Steve Austin, Triple H, Kane na barakoa yake, Chyna, na Undertaker wa enzi za pikipiki. Gemu za mieleka zilizozoeleka mitaani kwetu zilikuwa zaidi za PlayStation, kwa hiyo wengi wamewahi kuisikia hii bila kuishika mkononi. Ni hasara, kwa maana sijaona kazi nyingine ya aina yake iliyoielewa mieleka kwa undani namna hii.

Aliyezoea gemu za ngumi anaujua mpango wake. Kila mpiganaji ana mstari wa uhai juu ya skrini, kila pigo linaukata, ukiisha umekwisha. Mieleka ya kulipwa haiendi hivyo. Ni kazi ya watu wawili wanaojenga pambano pamoja mbele ya umati: anayepiga anamhitaji mwenzake aanguke vizuri, na anayeanguka ndiye anayempa mwenzake sifa. Pambano huanza taratibu, likapanda, likashuka, na mtu aliyekwisha kukatiwa tamaa akafufuka dakika za mwisho. Gemu za WWF zilizotangulia, War Zone ya 1998 na Attitude ya 1999, zote za Acclaim, zilimtaka mchezaji akariri mfuatano wa vitufe kwa kila mwereka. AKI walianzia kwingine. Waliitazama mieleka, wakaona kwamba karibu kila jambo ndani yake huanza na kukamatana, basi wakakufanya kukamatana kuwa mlango wa mambo yote.

Ukiisha kumkamata mpinzani, unachagua mwelekeo na kitufe, A au B, basi. Huko ndiko kunakotoka kiwiko cha kidevuni, kumbana kichwa kwapani, kumtupa kwa nyonga, kumwinua ukamlaza chali. Ukibonyeza kitufe cha C cha chini, unamrusha kambani arudi mbio kuelekea kwako. Kukamata kwepesi kuna mbinu zake, kukamata kwa nguvu kuna zake, na kumshika mtu kwa nyuma kuna zake tena. Lugha ya vidole ni ile ile kwa kila mwanamieleka. Kinachobadilika ni mwili. Aliyejifunza na Kane hana haja ya kuanza upya akimchukua Jeff Hardy. Vidole vyake vinajua pa kwenda, ila sasa vinapata majibu ya kijana mwepesi anayependa kuruka kutoka kwenye nguzo ya kona.

Tazama dakika mbili za mwanzo za pambano linalochezwa na watu wanaolijua. Hawana papara. Wanazungukana, mmoja anajaribu ngumi, mwingine anaizuia kwa kitufe cha begani. Wanakamatana kwepesi, anaanguka huyu, anainuka upesi, anaanguka yule. Anayekimbilia kushikilia A mapema anaadhibiwa, kwa kuwa mpinzani bado mzima na macho yake yako wazi, na ule mwanya wa sehemu ya sekunde unamtosha. Hakuna maandishi yanayokuambia usubiri. Unasubiri kwa sababu umekwisha kuangushwa kwa kutosubiri. Hapo ndipo ninapowavulia kofia AKI: mwendo wa pambano la kweli, lile la kuanza chini na kupanda, hawakuulazimisha kwa sheria. Waliuweka ndani ya muda wa kitufe kimoja, wakaacha wachezaji waugundue wenyewe.

Mstari wa uhai haupo. Kinachoonekana ni kipimo cha ari. Ukimpiga mwenzako chako kinapanda, ukipigwa kinashuka, na ukimgeuzia mbinu yake mwenyewe kinaruka. Ukisimama ukafanya mbwembwe mbele ya watu kinaongezeka pia, na hilo ni sahihi kabisa, maana mwanamieleka hula makofi ya umati. Uharibifu wa mwili unahesabiwa kandokando, kiungo kwa kiungo: kichwa, kiwiliwili, mikono, miguu. Huoneshwi namba. Unausoma kwenye mwili. Mtu aliyepokea vipigo vingi anachelewa kuinuka, na unapomwona amejikokota mpaka kasimama huku ameinama, unajua kwamba sasa kukamata kwa nguvu kunawezekana.

Mchukue Chris Jericho. Silaha yake ya mwisho ni Walls of Jericho: anamlaza mpinzani kifudifudi, anaibana miguu yake kwapani, kisha anachuchumaa na kuukunja mgongo wake kuelekea nyuma. Mchezaji mzuri wa Jericho haanzi na hilo. Anaanza kwa kuuandaa mgongo: anamwinua mpinzani na kumshusha juu ya goti, anamtupa chini kwa mgongo, anarudia kwa njia nyingine. Kila tendo linaacha deni dogo kwenye hesabu isiyoonekana. Anapokuja kumkaba, mpinzani akiwa katikati ya ulingo, mbali na kamba, deni lote linadaiwa kwa pamoja, na refa anainama kumuuliza kama anasalimu amri. Akiwa karibu na kamba na akaigusa, refa anawaachanisha na kazi inaanza upya. Hiyo ndiyo akili ya mwanamieleka wa kweli, na gemu inaidai kutoka kwa mtu aliyekaa kwenye kochi.

Sasa kipimo kimejaa na neno Special linawakawaka. Hapa kuna uamuzi mmoja wa mikono ambao naupenda kuliko yote. Fahari ya pedi ya Nintendo 64 ilikuwa kile kijiti cha katikati. Tangu Super Mario 64 ya 1996, gemu nyingi za mashine hiyo zilikitumia kutembeza mhusika. AKI walikataa. Kutembea walikuachia kitufe cha msalaba kilichoko kushoto, na kijiti wakakitengea mambo mawili tu: mbwembwe na pigo la kumalizia. Pedi hiyo ina mikono mitatu, na aliyeshika wa kushoto na wa kulia hana budi kusogeza mkono wake kukifikia cha katikati. Kwa hiyo pigo la kumalizia haliwezi kutoka kwa bahati mbaya. Unamkamata mpinzani kwa nguvu, umemshika, kisha unauhamisha mkono na kukisukuma kijiti. Kati ya kumshika na kusukuma kuna pumzi moja, na aliyeko upande wa pili, anayeuona mkono wako ukihama, anajua kinachokuja.

Iwapo wewe ni Austin, kinachokuja ni Stunner. Teke la tumbo kwanza, mpinzani anapinda. Austin anageuka, anampa mgongo, anakishika kichwa chake kwa juu na kukivuta mpaka kidevu kinakaa begani kwake. Kisha anajiangusha akikaa kitako, na kidevu cha yule mwingine kinagonga bega kwa uzito wote wa mwanguko. Miili miwili imechorwa kwa pamoja hatua kwa hatua, si mmoja kufuata mwingine. Mwanguko wa anayepigwa ulifikiriwa kwa uangalifu ule ule wa pigo lenyewe, na ndiyo maana Stunner hiyo ina uzito hata leo, kwenye miili iliyojengwa kwa vipande vya pembepembe na sura zilizobandikwa juu yake.

Kuhusu vipande hivyo, ni vema kujua walikuwa na nini mkononi. Katriji ya No Mercy ina megabaiti 32. Diski moja ya PlayStation wakati huo iliweza kubeba zaidi ya megabaiti 600. Katika nafasi hiyo finyu ilibidi waingie makumi ya wanamieleka, kila mmoja na mavazi manne ya kuchagua, mbinu kwa mamia, muziki, ulingo, vyumba vya nyuma ya ukumbi, na watazamaji. Ukiutazama umati kwa karibu utaona ni picha bapa. Muziki wa kuingilia ni kipande kifupi kinachojirudia na sauti yake imebanwa. Filamu za kwenye skrini kubwa ya ukumbi zimegeuzwa kuwa picha chache zinazobadilishana. Walikata huko kote ili wasikate mijongeo. Mtu mwenye haraka angefanya kinyume, kwa sababu filamu na muziki ndivyo vinavyouza gemu dukani. Naamini waliamua sawasawa, na miaka iliyopita imewapa haki.

Hawakufikia hapo kwa mkupuo mmoja. Mwaka 1997 walitoa WCW vs. nWo: World Tour, na huko Japani ndugu yake Virtual Pro Wrestling 64. Kukamata kwepesi na kwa nguvu kulikuwa tayari kupo, na kipimo cha ari pia. Mwaka 1998 ikaja WCW/nWo Revenge yenye mavazi na nyuso bora. THQ ilipoachana na WCW, shirika lililoshindana na WWF, na kupata haki za WWF, mfumo ule ule uliingia WrestleMania 2000 mwishoni mwa 1999, safari hii na uwezo wa mchezaji kujitengenezea mwanamieleka wake. Januari 2000 Wajapani wakapata Virtual Pro Wrestling 2, yenye wanamieleka wa All Japan Pro Wrestling. Kisha No Mercy. Ni seremala anayeurudia ubao mmoja kwa randa, safari baada ya safari, akipapasa kwa kiganja kila baada ya kupitisha. Hakuna wakati walipoutupa ubao na kuanza na mwingine. Ndiyo maana ukicheza World Tour leo vidole vinajua la kufanya, ila vinakwama hapa na pale. Ukija No Mercy vinateleza.

Ngazi ndiyo mahali ninapoiona randa hiyo ikifanya kazi. Oktoba 1999, mjini Cleveland, kwenye onesho la WWF lililoitwa No Mercy, ndugu wawili Matt na Jeff Hardy walipambana na Edge na Christian kwa ngazi, na pambano hilo likawapandisha wote wanne. Gemu iliyobeba jina la onesho hilo ilikuwa ya kwanza katika mfululizo huu kuwa na pambano la ngazi. Ngazi unaibeba, na ukiibeba inakupunguzia wepesi. Unaweza kumtwanga nayo mtu. Unaweza kuisimamisha chini ya mkanda unaoning'inia, kisha ukapanda. Ukifika juu, unaushika mkanda na kuhangaika nao, na muda huo mpinzani anaweza kuinuka na kuisukuma ngazi, ukaanguka nayo. Jambo la kustaajabisha ni kwamba kupanda kunachukua muda ule unaostahili. Ukipanda wakati mpinzani bado ana nguvu, hutafika. Lazima kwanza umchoshe kwa kazi ile ile ya kukamatana. Kifaa kipya kimeingizwa, lakini kimetiishwa kwenye sheria ya zamani ya subira.

Sehemu ya kutengeneza mwanamieleka wako inastahili saa zake zenyewe. Unaanza na kichwa: sura, nywele, ndevu, rangi za usoni. Unashuka kwenye kifua, tatuu, bukta au suruali, buti, glavu, vikinga goti, kila kimoja na rangi zake. Unapanga urefu na uzito. Kisha inakuja kazi ya kweli, kumpa mbinu. Unapitia orodha, na kila unapoisimamia mbinu moja, wanamieleka wawili wanaifanya mbele yako ili uione kabla ya kuamua. Unachagua anavyosimama, anavyotembea, anavyoingia ulingoni, mbwembwe zake, hata anavyokamata akiwa nyuma ya mtu. Humo ndani kuna mbinu nyingi za mieleka ya Japani ambazo hakuna mwanamieleka wa WWF aliyezitumia. AKI walizichonga kwa ajili ya gemu zao za nyumbani, na hawakuona sababu ya kuzificha. Anayetaka kumjenga bingwa wa Tokyo ndani ya katriji ya Marekani anaikuta mbao imekwisha kukatwa.

Upande wa mataji umeandikwa kwa ukarimu huo huo. Kila mkanda, kuanzia ule mkuu wa WWF hadi wa Hardcore na wa wanawake, una hadithi yake, na hadithi zinaachana njia kulingana na matokeo. Ukishindwa, gemu haikurudishi nyuma ili urudie mpaka ushinde. Inakupeleka kwenye njia ya aliyeshindwa, yenye visasi na maadui wengine. Fedha unazopata unazitumia kwenye duka la SmackDown Mall kufungulia wanamieleka na vitu vingine. Humo yumo Andre the Giant, jitu lililofariki 1993, na yumo Shawn Michaels. Kuna pia pambano la kuvumilia ambalo wapinzani mia moja wanaingia mmoja baada ya mwingine ili watupwe nje ya kamba. Nalitaja kwa kupita tu, maana si huko ulipo moyo wa kazi.

Ina dosari, na zinajulikana. Wanamieleka wanne wakiwa ulingoni kwa pamoja mashine inalemewa, na kila kitu kinakwenda polepole kuliko inavyotakiwa. Kubwa zaidi, baadhi ya katriji za toleo la kwanza zilikuwa na hitilafu iliyofuta kila ulichohifadhi: mataji, fedha, wanamieleka uliowachonga kwa wiki nzima. Toleo lililofuata lilirekebishwa. Kwa gemu inayomwalika mtu aweke muda mwingi kiasi hicho, kosa hilo liliuma mahali pabaya, na yeyote anayenunua katriji ya zamani leo anapaswa kuuliza ni toleo gani kabla ya kutoa pesa.

No Mercy ilikuwa ya mwisho kwa AKI kuitengenezea WWF. Mwaka 2003 waliupeleka mfumo wao kwenye Def Jam Vendetta, ambamo wasanii wa hip hop ndio wanaopigana mieleka, na mwaka uliofuata wakatoa Def Jam: Fight for NY. Mwaka 2007 kampuni ilibadili jina ikawa syn Sophia, na kazi yake iliyojulikana zaidi baada ya hapo ni gemu za mitindo ya mavazi zilizochapishwa na Nintendo, Style Savvy. Kwa aliyewahi kukaa usiku akichagua rangi ya buti za mwanamieleka wake, haishangazi. Iwashita mwenyewe alirudi kwenye mieleka: shirika la mieleka la AEW lilipotaka gemu yake ya kwanza ya mashine za nyumbani, lilimwita, na AEW: Fight Forever ikatoka Juni 2023. Wapenzi wa No Mercy nao hawajaiacha. Hadi leo wanaichambua data yake na kuwaingiza humo wanamieleka waliokuwa watoto wachanga ilipotoka.

Ukiipata, tafuta mtu wa kucheza naye, usicheze na mashine peke yake. Msiwashe Hardcore, mtindo wa kupigana bila sheria, msichukue ngazi wala viti. Chagueni wanamieleka wawili wa kawaida, pambano la mmoja kwa mmoja, refa akiwepo. Dakika za mwanzo tumia kukamata kwepesi tu, na usishikilie A mpaka umemwona mwenzako akichelewa kuinuka.